Nimejichelewesha

Katika nyumba ya Mzee Koma kikombe hakikuwahi kuvunjika. Vilivunjwa vikombe vingi, tena vile vizuri vya wageni, lakini kuvunjika chenyewe, hapana. Mtoto akitoka jikoni uso umemshuka na kusema, "Baba, kikombe kimevunjika," baba mtu aliweka kalamu chini, akavua miwani, akauliza kwa ule upole wake wa kuudhi: "Kimejivunja? Kilikuwa na hasira na nani?" Na mtoto haondoki pale mpaka aseme, "Nimekivunja." Akishasema, hapigwi wala hagombezwi. Anapewa ufagio, basi.

Kazi yake ilikuwa kusoma kurasa kabla hazijachapwa, kuwinda makosa. Miaka ishirini na saba aliifanya gazetini, na huko ndiko alikolishwa sumu hii. Kila siku yalipita mbele yake maneno kama "risasi ilifyatuka" na "fedha zilipotea", akakatazwa kuuliza nani aliifyatua na nani alizipoteza. Basi alichokatazwa kazini akaenda kukiuliza nyumbani, kwa watoto wawili na mama yao. Jina la Koma alipewa na vijana wa mitamboni, kwa sababu ya kupenda kwake ile alama ya mkato, na kwa sababu ukimkaribia wakati anasoma alikwambia neno hilo hilo bila kuinua kichwa: koma.

Sasa watoto wakikuzwa hivyo wanaharibika kwa namna yao. Binti yake mkubwa alipoanza shule alichekwa hadi akalia. Wenzake wakianguka walisema wameanguka, yeye alisimama, akajipangusa vumbi na kutangaza, "Nimejiangusha." Mwalimu akimuuliza mbona umechelewa, alijibu, "Nimejichelewesha, mwalimu." Alipokua mengi yalimtoka, lakini hilo la kuchelewa halikutoka. Mumewe alishazoea. Pacha wake wawili, wenye miaka sita, nao walikuwa wakijichelewesha kila asubuhi.

Huyo ndiye Mama Pacha, na alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati. Aliingia kwa jina la mumewe, akamwomba baba yake asiseme kwa mtu kwamba ni mwanawe, kwa sababu matangazo yote ya kiwanda yalipita mikononi mwa Mzee Koma, ambaye baada ya kustaafu aliendelea na kazi ile ile, kusoma prufu, katika duka moja la uchapaji. Hakutaka watu waseme amebebwa. Mzee aliona ni maringo ya bure, akakubali shingo upande.

Jumatatu hiyo, mara baada ya chakula cha mchana, Dereva wa kiwanda alisimama mlangoni mwa duka la uchapaji. Alikuwa mtu wa mabega, na mlango wote ulikuwa yeye.

"Mzee, Meneja anakuita."

"Kuna tangazo?"

"Twende tu."

Walipofika, alipandishwa zile ngazi za chuma zilizopo ubavuni mwa jengo. Alizijua kwa maandishi tu. Wiki tatu nyuma tangazo lililetwa mezani kwake: "Uongozi unasikitika kuwaarifu kuwa mlinzi wa zamu ya mchana alianguka ngazini na kuumia vibaya." Alilisoma mara mbili. Aliujua uvumi, kwamba siku moja kabla ya kuanguka huko moshi ulijaa chumba cha pasi, mlango wa nyuma ukakutwa umefungwa kwa mnyororo kama kawaida ya saa za kazi, na mlinzi akaukata mnyororo bila kuomba ruhusa kwa mtu, wanawake wakatoka. Yule yule Mzee Koma asiyekubali kikombe kivunjike nyumbani kwake alilitazama neno "alianguka", akaweka mkato baada ya "ngazini", akalipitisha. Mlinzi alikuwa bado hospitalini, taya limefungwa waya, hasemi.

Ngazi zilikuwa thelathini na mbili, akazihesabu zote kwa magoti.

Ofisi ya Meneja ilitokeza juu ya ukumbi wa kushonea, na ukuta wake mmoja ulikuwa kioo. Ukikaa pale unaona safu zote za cherehani chini, vichwa vimeinama. Mzee Koma alikaa, akatazama, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye safu ya nne, kwenye kilemba cha njano. Akayaondoa haraka.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Meneja. Alikuwa mtu wa adabu, kijana bado, na funguo nyingi zilining'inia kwenye mkanda wake.

"Marahaba."

"Nasikia ukimsoma mtu mistari kumi unajua hadi alichokunywa asubuhi."

"Wananitilia chumvi, bosi."

"Kidogo tu." Meneja aliweka mezani karatasi mbili. "Hii ya mkono ni hadithi iliyoletwa kwenye shindano letu la wafanyakazi, lile la zawadi ya feni. Mwandishi namjua, ni yule wa kilemba cha njano pale. Hii nyingine imetoka kwenye gazeti la juzi Jumapili, ukurasa wa hadithi, na haina jina. Linganisha. Mtindo, sauti ya msimulizi, hayo mambo yenu. Uniandikie na utie sahihi: mwandishi ni mmoja au ni wawili?"

"Na wakiwa mmoja?"

"Tutazungumza naye," alisema Meneja. Kule mlangoni Dereva alikohoa.

Mzee Koma alivuta karatasi ya mkono kwanza, si kwa sababu alihitaji kuisoma. Zile herufi za "g" zenye mkia uliokunjwa alizifundisha yeye mwenyewe, mezani kwake, kwa kalamu ya risasi. Alisoma akiomba kimoyomoyo kwamba ile ya gazeti iwe ya mtu mwingine, wa mtaa mwingine, mtu yeyote mwenye baba mwingine.

Ya mkono iliitwa "Cherehani Yenye Wivu". Ilikuwa ya kuchekesha kweli. Msimulizi alikaa pembeni, akimwita msomaji "wewe mwenzangu", akimvuta shati na kumnong'oneza. Sentensi zilikuwa ndefu, zenye kona na vijimzaha, na habari ilikuwa ya cherehani iliyompenda mshonaji wake hata ikawa inakata sindano kila mumewe akipiga simu. Siku nyingine mzee angeangua kicheko. Sasa aliiweka pembeni.

Akaivuta ya gazeti. "Mlango wa Nyuma". Mistari ya kwanza ilimpa pumzi. Hapakuwa na mzaha wala "wewe mwenzangu". Msimulizi alikuwa "sisi", wanawake wengi kwa sauti moja, na sentensi zilikuwa fupi, zimekatwa karibu na mfupa. "Moshi unaingia. Tunahesabiana. Tuko sitini na mmoja." Sauti nyingine kabisa, alijiambia. Asante Mungu, sauti nyingine kabisa.

Kisha akafika katikati. "Tulijichelewesha kukimbia, kwa sababu tuliamini mlango uko wazi."

Moyo ulimpiga paa. Alijilazimisha kuendelea. "Mlinzi hakuanguka. Mlinzi aliangushwa, na aliyemwangusha alitumwa, na aliyemtuma anatembea na funguo kiunoni." Akarudi juu, akashuka tena, akitafuta kitu kimoja tu kilichojifanya chenyewe, mlango mmoja uliofungika, kioo kimoja kilichopasuka. Hakukipata. Akarudi kwenye cherehani yenye wivu: hata sindano pale hazikukatika, zilikatwa, na mkataji alitajwa. Mmoja alikuwa akicheka na mwingine akilia, lakini wote wawili waliuliza nani. Na swali hilo wamelipata wapi kama si kwake?

Aliogopa. Tusimpambe: kitu cha kwanza kilichomjia akilini kilikuwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni na kutokomea. Lakini kilemba cha njano kilikuwa pale chini ya kioo, kinainama na kuinuka.

"Nina hadi saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. King'ora cha kutoka kinalia saa kumi na moja."

Basi Mzee Koma akajikaza kisabuni, akaandika. Na aliandika vizuri, ndiyo maajabu ya hofu. Alionyesha kwamba msimulizi wa kwanza yuko nje ya hadithi na wa pili yuko ndani. Alionyesha urefu wa sentensi, akahesabu maneno yake. Alionyesha kwamba mmoja anapenda wakati uliopita na mwingine uliopo. Alisema mtu mwenye mzaha wa aina ile hawezi kuuficha ukurasa mzima bila hata kupenya mara moja. Hakuna lililokuwa la uongo. Aliacha tu lile moja lililokuwa la kweli kuliko mengine yote. Na kalamu yake aliichunga kila hatua. Kila alipotaka kuandika kwa mazoea ya nyumbani aliivuta nyuma, akaandika kama watu wote. Alipomaliza aliandika: "Kwa maoni yangu ni waandishi wawili." Akatia sahihi.

Aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini.

"Nisamehe, bosi," alisema, akisukuma karatasi mbele. "Nimejichelewesha."

Meneja, aliyekuwa ameshanyoosha mkono kuipokea, hakuipokea.

"Umesemaje, mzee?"

Kalamu aliichunga, ulimi akausahau. Alitamani kulirudisha lile neno mdomoni, kulimeza na mate yake. Mate yenyewe hayakuwapo.

Meneja alifungua droo taratibu, akatoa nakala nyingine ya ukurasa ule ule wa gazeti. Neno moja lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu. "Sikukuonyesha hii, nisikuharibie. Neno hili limeninyima usingizi. Nimeuliza watu humu ndani, mtu akichelewa mnasemaje? Wote wanasema amechelewa. Sijawahi kusikia mtu akisema hivi mpaka sasa hivi, kwenye kiti hicho."

Dereva aliufunga mlango kwa mgongo wake.

"Una watoto, mzee?"

"Wawili. Mmoja yuko mbali, mwingine ameolewa."

"Nao wanasema hivi hivi?"

"Watoto wa siku hizi, bosi? Nani anamsikiliza baba?" Alijaribu kucheka, kicheko kikatoka kikavu. Aliona Meneja anaanza kugeuza macho kuelekea kwenye kioo, kuelekea chini, na hapo ndipo alipopiga moyo konde. "Niliiandika mimi," alisema.

"Wewe."

"Mimi."

"Habari za ndani umezitoa wapi? Hujawahi kukanyaga hapa."

"Umeniletea mwenyewe." Maneno yalikuja kwa mpangilio, kwa sababu yalikuwa yamejipanga kifuani mwake wiki tatu. "Kila tangazo lako nimelisoma mimi. Lile la kusema mlango wa nyuma utafungwa saa za kazi. Lile la kusema umetokea moshi kidogo. La mlinzi kuanguka. Yaweke pamoja, bosi, mbona hadithi yote imo? Nimekaa na kalamu nyekundu mkononi, nimeona 'alianguka', na nilichofanya ni kuweka mkato. Niliona aibu. Ndiyo nikaandika."

Kila neno hapo lilikuwa kweli isipokuwa la mwisho, na hilo la mwisho ndilo lililomuuma.

Meneja akanyanyua simu ya mezani. "Msimamizi? Niletee yule wa kilemba cha njano, safu ya nne. Usimharakishe." Akairudisha simu. "Nakuamini, mzee wangu. Nataka tu nimsikie na yeye akizungumza."

Dakika zilipita. Mzee Koma hakuthubutu kutazama kwenye kioo. Alitazama ule mduara mwekundu ulioachwa wazi mezani, na akaelewa kinachokuja. Meneja angemuuliza mbona amechelewa kufika, ndiyo sababu hakuna aliyemharakisha. Na Mama Pacha alikuwa na jibu moja tu la swali hilo. Alikuwa nalo tangu darasa la kwanza. Lilichekwa, likazomewa, halikutoka. Baba mtu alilipigilia mwenyewe. Alitaka kupiga kelele kabla hajaingia, lakini kelele ndiyo ingemfichua.

Mlango ulifunguliwa. Mama Pacha aliingia na futi ya kupimia shingoni na vipande vya uzi begani. Alimwona baba yake. Hakuna kilichosogea usoni mwake.

"Shikamoo, mzee."

Tangu azaliwe hakuwahi kumwita mzee.

"Marahaba, mwanangu," alijibu, na akashukuru kwamba neno hilo kila mtu mzima humwambia kila kijana.

"Nimekuita dakika kumi zilizopita," alisema Meneja kwa upole. "Kulikoni?"

"Nime..." alianza Mama Pacha.

Mzee Koma alifumba macho. Alisikia cherehani chini, alisikia funguo zikigongana kidogo kwenye mkanda wa Meneja. Alipofumbua, binti yake alikuwa hamtazami Meneja. Alikuwa ametazama mezani, kwenye duara la wino mwekundu. Alilitazama kwa kitambo cha kupumua mara moja.

"Nimechelewa, bosi," alisema. "Uzi ulikatika."

Uzi ulikatika. Katika miaka thelathini na minne uzi haukuwahi kukatika mdomoni mwake. Mzee Koma alisikia furaha, na ndani ya furaha hiyo uchungu mkali, maana alimfundisha mtoto kusema ukweli wote na sasa alikuwa akimwombea auweze uongo. Aliuweza. Aliusema vizuri kama wahariri wote aliowahi kuwachukia.

"Rudi kazini," alisema Meneja. Aliikunja ile karatasi ya maoni, akaitia mfukoni. Mama Pacha alipokwisha kutoka, Meneja alisema, "Dereva atakupeleka nyumbani, mzee wangu."

"Nitatembea. Si mbali."

"Atakupeleka. Na uangalie ngazi. Zinateleza."

Ngazi zilikuwa kavu na tupu. Mzee Koma alikamata chuma cha pembeni kwa mikono miwili, akashuka ubavu ubavu, hatua moja, kituo, hatua moja. Dereva alikuja nyuma yake karibu sana, pumzi yake ikimpata shingoni. Mzee alihesabu. Ya nne. Ya tano. Hakuwa na shaka tena mlinzi alikuwa amefika ya ngapi, kwa sababu kwenye ya tisa chuma cha kushikia kilikuwa kimepinda kwa nje. Alisimama. Alihisi kiganja kikigusa mgongo wake, bado kwa wepesi, kama mtu anayemsaidia mzee.

"Samahani kaka, nakuzibieni njia."

Mama Pacha alikuwa amekaa hatua ya kumi na mbili, katikati kabisa, mbele tu ya mlango wa ukumbi. Kiatu kimoja alikuwa amekivua.

"Wewe hukuambiwa urudi kazini?" alisema Dereva. Kiganja kiliondoka mgongoni.

"Kamba ya kiatu imefunguka." Hakuinua kichwa. Aliifunga kamba, akaikagua, hakuridhika, akaifungua. Aliipitisha tena kwenye tundu, polepole, na ncha ikamkataa, akailowesha kwa mate, akaanza upya. Mtu anayetia uzi kwenye sindano mara mia mbili kwa siku.

"Pita huko, dada."

"Sasa hivi, kaka. Inakataa tu."

Baba yake alisimama juu yake, akiona utosi wa kile kilemba cha njano, na vidole vikirudia tundu lile lile. Kisha king'ora kikalia, mlango wa ukumbi ukasukumwa, na wanawake wakamwagika ngazini, wote sitini, na mikoba yao, na maneno yao, wakijaza kila hatua juu na chini. Dereva akabanwa ukutani.

Mama Pacha alivaa kiatu chake, akasimama. "Mzee, nishike mkono," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Hapa pamejaa, wasije wakakuangusha."

Alimshika. Waliteremka pamoja katikati ya wenzake, polepole. Mzee Koma alijua kwamba gari liko getini, na kesho ipo, na nyumba yake haina mlinzi. Hofu ilikuwa pale pale. Lakini alikuwa msomaji, na jambo moja alilisoma sawasawa kabla hawajafika chini: huyu mtoto aliambiwa arudi kazini dakika kumi zilizopita, na hakuwa amechelewa hata kidogo. Alikuwa amejichelewesha.